Kwanini mzee kasema shairi lako ni guni wakati vina vipo

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Makorora hapa hapa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nilighani shairi langu kwenye harusi ya binamu, watu wakapiga makofi, ila mzee mmoja akaniita pembeni akaniambia shairi lako ni guni, halina mizani. Mimi nilihesabu kwa kalamu kila mstari herufi kwa herufi na vina vyote vinaishia na i. Mstari mmoja tu ndo nina wasiwasi nao, ule wa mwisho, naona umepungukiwa. Na pia shule kwenye somo la Kingereza tulifundishwa aliterasheni, asonansi, onomatopea, je kwenye Kiswahili hivi vitu vipo au ni mizani na vina tu? Ubeti wenyewe huu:

Nimeamka asubuhi, kwenda zangu baharini,
Nikaliona jahazi, limebeba dagaa ndani,
Na wavuvi wako wengi, wanashusha ufukweni,
Mchana ukishafika, narudi zangu nyumbani."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kusimama mbele ya watu, harusi za kwetu unazijua, watu wanasubiri pilau wewe unawasimamishia shairi, sio kazi ndogo. Pili, mzee yuko sahihi, na tatu, huo mstari unaouogopa ndo mzima kuliko wenzake. Nakuja huko.

Neno guni lisikuumize, sio tusi. Ni jina tu la shairi lililokosea vina au mizani, kama fundi anavosema meza hii ina mguu mfupi. Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, mshororo ndo huo mstari mzima, na huo wako unatakiwa uwe na 16, nane upande wa kwanza unaoitwa ukwapi na nane upande wa pili unaoitwa utao, hapo katikati panawekwa mkato. Mishororo minne inakuwa ubeti, na ubeti wa mishororo minne tunauita tarbia. Majina mengine yapo mengi na vitabu havikubaliani kwenye baadhi, usipoteze usingizi, hayo yanatosha kwa leo.

Sasa kosa lako. Wewe umesema umehesabu kwa kalamu, na hapo ndo ulipopotea, coz mizani haikai kwenye karatasi, inakaa mdomoni. Chukua "nimeamka asubuhi". Najua ulivyohesabu: ni-me-am-ka-a-su-bu-hi, nane, ukafurahi ukasonga mbele. Lakini hebu litamke taratibu, ni-me-a-m-ka. Ile m haijaegemea kwa mtu, imekalia kiti chake yenyewe. Ukwapi wako una tisa. Ukiuliza kwanini m inapewa kiti peke yake, ni kwa sababu zamani ilikuwa na u yake, watu walisema amuka, mutu, u ikadondoka njiani na m ikabaki inashikilia nafasi ya watu wawili. Kwaiyo mtu ni mizani mbili, mke mbili, mchana tatu.

Umeona sasa? Ule mstari wa mwisho uliuhesabu mcha-na u-ki-sha-fi-ka ukapata saba ukaingiwa na hofu. M-cha-na u-ki-sha-fi-ka, nane kamili. Yani kosa moja lile lile la kuidharau m limekufanya uone mstari mbovu mzima na mzima mbovu.

Ila usije ukakimbia ukasema basi kila m iliyo mbele ya konsonanti ni mizani. Mbuzi ni mbu-zi, mbili tu, m na b hapo zimeshikana. Nyumba, ngoma, ndizi, vile vile. Alafu kuna mbwa, nchi, nta, nne, haya mafupi ambayo yakibanwa yangebaki silabi moja, kwaiyo m au n inasimama: m-bwa, n-chi. Mfano ninaoupenda mimi ni neno mbuni. Yule ndege mwenye shingo ndefu ni mbu-ni, mbili. Mtu anayebuni vitu ni m-bu-ni, tatu. Herufi ni zile zile tano, mpangilio ule ule, kalamu haitakuonyesha tofauti hata ukiikodolea macho mpaka kesho. Mdomo ndo unajua.

Na kitu kingine, irabu mbili zikifuatana ni mizani mbili. Utao wako wa pili, "limebeba dagaa ndani", umehesabu dagaa kama da-gaa. Ni da-ga-a, tatu, juu ni ju-u, ndoo ni ndo-o. Kwaiyo hapo napo una tisa. Mzee hakukuonea, mistari miwili kati ya minne imezidi, tena yote kwa mizani moja moja, na hiyo moja ndo mbaya kuliko ingezidi tatu, maana zikizidi tatu hata wewe mwenyewe ungejikwaa.

Ujanja wa kujipima upo, na huo hautaki shule. Mashairi yetu yametungwa yaimbwe. Mahadhi yana nafasi zake zimehesabika, ukileta silabi ya ziada inabidi uimeze au uikimbize, na msikilizaji aliyezoea anasikia kama vile gari imepita kwenye tuta. Mji huu umezaa vikundi vya taarab, Black Star na Lucky Star zilitokea hapa, wazee wetu masikio yao yamelelewa humo, huwezi kuwapitishia tisa wakakaa kimya. Basi tafuta wimbo wowote unaoujua wa nane kwa nane, toa maneno yake, weka ya kwako. Yakikaa bila kubanana, una mizani.

Kama sauti huna, kuna bao. Sifanyi utani. Nilipokuwa kijana kama wewe nilikuwa nakaa kwenye baraza moja Ngamiani wazee wakicheza bao na kahawa na kashata pembeni, na mmoja wao, mtunzi mzuri sana yule, alinikamata na shairi langu lililopinda akaniambia njoo hapa. Akayasafisha mashimo. Bao la kiswahili upande wa mchezaji mmoja una safu mbili, kila safu mashimo nane, si ndio? Akaniambia soma, kila silabi angusha kete shimo moja. Safu ya juu ukwapi, safu ya chini utao. Nikaanza kwa mbwembwe, tak tak tak, nikafika mwisho wa safu na kete moja imebaki mkononi haina shimo. Wazee wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, mimi nimeduwaa na kete yangu. Hakuongeza neno, akaendelea na mchezo wake. Toka siku hiyo sijawahi kuhesabu kwa kalamu, na nikiwa safarini sina bao natumia vidole nagonga mezani, konda ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Haya, vina. Umesema vyote vinaishia na i. Hapo napo kuna kitu. Kina sio irabu, kina ni silabi nzima ya mwisho. Asubuhi inaishia hi, jahazi inaishia zi, wengi inaishia ngi. Hivyo ni vina vitatu tofauti vilivyovaa sare ya i, na ukishafika ya mstari wa nne inaishia ka, hata sare hiyo haina. Kwa vina vya kati hapo umekosa. Vya mwisho viko sawa, ni, ni, ni, ni, lakini naomba nikuambie ukweli kidogo, hiyo ni umeipata bure. Baharini, ufukweni, nyumbani, sokoni, shuleni, jina lolote unalobandika ni linakupa kina, hata mtoto wa darasa la 2 atakuletea ubeti wa namna hiyo. Sio kosa, watunzi wakubwa wameitumia, ila wakiitumia wanakuwa na sababu, wewe umeitumia kwa sababu ilikuwa karibu na mkono.

Na hili ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote kwenye jibu hili refu. Kiswahili kinatoa vina bure. Maneno yetu yanaishia na irabu, na irabu ziko tano tu, kwaiyo kupata maneno mawili yanayofanana mwishoni sio kazi. Kingereza maneno yao yanaishia na vurugu za konsonanti, ndo maana mshairi wao akipata kina zuri anasifiwa. Kwetu anayesifiwa ni yule ambaye kina chake hakikumsukuma. Angalia wewe kilivyokusukuma: jahazi. Lini umeona jahazi linashusha dagaa pale Sahare? Jahazi ni chombo cha mizigo, linabeba mikoko, mbao, chumvi. Dagaa wanakuja na mashua au maboti. Ulikuwa unatafuta neno la i, jahazi likajitokeza, ukalipandisha samaki. Mvuvi akisikia anacheka kimoyomoyo, na kwenye harusi ya Tanga huwezi kukosa mvuvi.

Ukibanwa sana na mizani sheria zinakupa milango ya kutokea, hii inaitwa uhuru wa mshairi. Kuna inkisari, kufupisha, aliyekuja unasema alokuja. Kuna mazida, kurefusha, afya unaifanya afiya. Kuna kuazima lahaja, mato badala ya macho, nti badala ya nchi. Tumia kwa kipimo kama pilipili. Mimi nina chuki binafsi na hii ya lahaja, naona vijana wa hapa hawajavuka hata mpaka wa Kenya pale Horohoro lakini kila shairi limejaa mato na nti kama wamezaliwa Mombasa. Kama nyumbani kwenu hamsemi mato, basi acha macho yakae.

Sasa hizo aliterasheni zako. Vipo, vyote, na vina majina ya kwetu, ila vinafanya kazi tofauti kidogo ndo maana mwalimu wa Kingereza hawezi kukusaidia hapa.

Aliterasheni sisi tunaita takriri ya konsonanti, yani sauti ile ile ya konsonanti inajirudia kwenye maneno yaliyo karibu. Sikiliza sentensi hii: kikombe changu kidogo kimevunjika. Ki, ch, ki, ki. Nimetunga shairi? Hapana, nimelalamika tu jikoni. Ngeli zinaturudishia sauti kila tukifungua mdomo, vitabu vyangu vyote viwili vimepotea, huo sio usanii hiyo ni sarufi. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "hapa mshairi ametumia takriri ya vi" kabla hujampa maksi uliza, angeweza kukwepa? Kama asingeweza, basi ngeli ndo imetumia sio mshairi. Usanii unaanza pale unapochagua neno ambalo hukulazimika kulichagua.

Asonansi ni hiyo hiyo kwa upande wa irabu, takriri ya irabu. A inafungua kinywa, u na o zinakibana. Ukitaka ubeti wa msiba usikike mzito maneno ya o na u yanasaidia, ingawa usiifanye kanuni, nimesikia beti za kilio zilizojaa a zikaliza ukumbi. Na takriri yenyewe kwa maana pana ni kurudia neno au fungu zima, hii unaijua kwenye nyimbo za ngoma.

Onomatopea ndo tamu. Sisi tunaita tanakali za sauti. Jiwe likitumbukia majini chubwi, mtu akianguka mchangani tifu, hapo tuko sawa na Waingereza, wao wana zao. Lakini sisi tumeenda mbali. Tunasema nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu ndu. Hebu niambie, weupe una sauti gani? Nani amewahi kusikia weupe? Lakini ukisema shuka jeupe pe msikilizaji analiona limenyooka kwenye kamba linameta juani. Kalala fofofo, kimya jii, mlango umefungwa ndi. Kimya nacho tumekipa sauti! Hii ni mali kubwa sana na watunzi wengi wa sasa hawaigusi, wanaona ni lugha ya bibi anayesimulia hadithi. Tena inabeba kitu kizima kwa silabi moja au mbili, na kwenye mizani silabi moja iliyobaki ndo mara nyingi inakutesa, kumbe "pe" iko pale inakusubiri.

Niliahidi kimoyomoyo kutokukutungia, maana ukitungiwa hujifunzi, ila ngoja nikuonyeshe mara moja tu kwa bandari ile ile na dagaa wale wale:

Nimedamka mapema, umande juu ya ngazi,
Mashua zimeegama, zasubiri wachuuzi,
Na wavuvi wanahema, wachoshwa na kaskazi,
Dagaa wanatazama, macho wazi, macho wazi.

Shika kete zako upige. Nimedamka ina ile ile m yako, ni-me-da-m-ka, tano, mapema tatu. Vina vya kati ma, vya mwisho zi. Ukisoma kwa sauti utasikia m zinavyonguruma kwenye ukwapi, nimedamka, mapema, mashua, zimeegama, kama mtu ambaye bado ana usingizi midomo haijafunguka vizuri. Hiyo m hakuna ngeli iliyonilazimisha. Ningeweza kusema nimeondoka, mashua zimepangana. Zimeegama nimelichagua pia kwa sababu maji yakitoka mashua inalala ubavu, ni kitu nakiona kila siku. Na "macho wazi, macho wazi" ndo takriri, dagaa hafumbi jicho, alafu mama anayenunua samaki anaanza kuangalia jicho kabla ya bei.

Kuna mahali hapo utabishana na mimi, kaskazi. Mimi nimehesabu ka-s-ka-zi, nne. Mwingine atasema kas-ka-zi, tatu, akaniambia mwalimu na wewe umepungukiwa. Haya maneno yenye konsonanti mbili zilizokutana katikati, daftari, labda, maktaba, yana ubishi wa siku nyingi. Msimamo wangu ni kwamba ile s nikiimba inachukua pigo lake, wazee wengine hata wanaipa irabu kabisa wanasema kasikazi. Wewe chagua njia moja ukae nayo shairi zima, usihesabu labda tatu kwenye ubeti wa kwanza alafu mbili kwenye wa tano kwa sababu umebanwa.

Vina vikienda hivyo hivyo, ma kati na zi mwisho, beti zote mpaka unamaliza, shairi linaitwa mtiririko. Kimoja kikishikilia na kingine kikibadilika kila ubeti ni ukara. Vyote vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni. Anza na ukaraguni, usijitie ushujaa wa mtiririko wa beti kumi utajikuta umerudi kwenye majahazi yako.

Ukitaka kitu chepesi zaidi kwa mazoezi, jaribu utenzi. Mishororo ni mifupi, nane tu bila mkato, mitatu ya mwanzo ina kina kimoja na wa nne unabeba kina cha kutembea nacho utenzi mzima. Ni chombo cha kusimulia habari ndefu. Hemedi bin Abdallah wa pwani yetu hii alisimulia kwa utenzi vita vya Wadachi, yani Wajerumani, walipoingia Mrima, ndo pwani hii ya bara, miaka ile Bushiri alipopigana nao. Na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo nje ya mji mwaka 1909, aliandika tenzi ndefu na mashairi ya 16 kwa wingi, ukimsoma msome kwa sauti kubwa, akisomwa kwa macho nusu yake inabaki kwenye karatasi.

Mwisho najua utaniuliza, maana vijana wote wanauliza, je siwezi kuacha vina na mizani nikaandika tu. Unaweza. Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mwaka 1954, na miaka 20 baadae, 1974, Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi huru, kukawa na mzozo mkubwa wapo waliosema haya sio mashairi kabisa. Mimi nayasoma na mengine nayapenda. Ila wewe mzee kakuambia umekosea nane, na mtu aliyekosea nane akikimbilia mashairi huru watu wanaelewa amekimbia nini. Zipate kwanza, alafu ukiziacha uwe umeziacha.

Rekebisha mishororo mitatu ya juu, ndoo za dagaa ziwe kwenye mashua, alafu nenda kwa huyo mzee na sukari robo umpelekee asikilize tena. Ule wa nne usiuguse. Ufanye kibwagizo, yani kila ubeti ukiisha unaurudia ule ule, mambo mengine yote ya baharini yakibadilika huo unabaki palepale na harusini watu watauitikia wenyewe: Mchana ukishafika, narudi zangu nyumbani.